Kutafuta jeni za lazima kwa uhai na uzazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu huyarudia: wanafunzi wanaoanza jenetiki, walimu wao, na wale walioshika sahani ya minyoo kwa mara ya kwanza bila kujua watazame nini. Kila jibu linajitegemea. Panapogusana na jibu lingine, nimeelekeza badala ya kurudia. Anayejua misingi aruke hadi sehemu ya njia.

## Misingi

Jeni ya lazima ni ipi hasa?

Ni jeni ambayo ikiondolewa au ikiharibiwa kabisa, kiumbe hakiishi, au kinaishi lakini hakiachi kizazi. Nusu ya pili ya sentensi hiyo husahaulika sana. Mnyoo anayekula, anayetambaa na kunenepa lakini hatagi hata yai moja linaloanguliwa, kwa hesabu ya vizazi hana tofauti na yule aliyekufa angali kiinitete.

Kisha kuna maneno matatu ambayo mara nyingi hayaandikwi, ingawa yamo ndani ya kila jibu: katika hali hizi. Jeni huwa ya lazima kwa aina fulani ya kiumbe, juu ya chakula fulani, kwenye joto fulani, katika hatua fulani ya maisha. Mtu akikuambia jeni fulani ni ya lazima akaishia hapo, muulize: kwa nani, na akiwa katika hali gani? Karibu ubishi wote utakaokutana nao huko mbele unatokana na swali hilo kutoulizwa mapema.

Kwa nini tutumie kiumbe cha mfano badala ya kumchunguza binadamu?

Kwa sababu kazi yenyewe ni kuharibu jeni makusudi, kupandisha ndugu kwa ndugu, na kuhesabu waliokufa. Hakuna namna ya kumfanyia mtu hayo.

Halafu kuna suala la muda. Bakteria *Escherichia coli* akipata chakula kizuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na hamira kila dakika 90. Mnyoo *Caenorhabditis elegans* hutoka kuwa yai hadi kutaga mayai yake kwa siku tatu hivi kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, naye jike-dume mmoja huzaa watoto wapatao 300 bila kuhitaji mwenzi. Nzi wa matunda huchukua siku 10 hivi. Panya ndiye wa polepole na wa gharama, lakini ana mimba, maziwa na kondo la nyuma, vitu ambavyo hamira haiwezi kukufundisha. Jeni nyingi za kazi za msingi, kama kunakili DNA, kutengeneza protini na kugawanya kromosomu, zinafanana kuanzia hamira hadi mtu, ndiyo maana majibu ya hamira yana thamani nje ya hamira.

Kama jeni si ya lazima, imebakije mamilioni ya miaka?

Kwa sababu maumbile yana mizani sahihi kuliko ya maabara. Jeni inayoongeza watoto kwa asilimia moja tu itatunzwa na uteuzi wa asili vizazi na vizazi. Wewe unayetazama sahani kwa siku tatu huwezi kuiona asilimia hiyo. Tena maabara ni mahali pa raha: chakula tele, joto lisilobadilika, hakuna adui. Jeni ya kustahimili njaa haitaonyesha kazi yake mahali ambapo njaa haipo. Sababu nyingine, ile ya jeni kuwa na mbadala wake, imejibiwa chini kwenye swali la jeni isiyoonyesha chochote.

Jeni za lazima ni ngapi?

Inategemea unamhesabia nani. Hamira ya mkate ina jeni zipatazo 6,000, na kama 1,100 kati yake haziwezi kufutwa hata hamira ikipewa chakula kilichojaa kila kitu. Kwa *E. coli*, mradi wa mkusanyiko wa Keio uliotangazwa mwaka 2006 ulijaribu kufuta jeni 4,288; zilifutika 3,985, na 303 zikakataa. Bakteria mwingine, *Bacillus subtilis*, mwaka 2003 ilihesabiwa jeni 271 za lazima kati ya 4,100 hivi. Kwa panya, ripoti ya mwaka 2016 ya muungano wa kimataifa unaofuta jeni moja baada ya nyingine ilipitia jeni 1,751 na kukuta 410 ambazo kuzikosa ni kifo kabla ya kuachishwa ziwa.

Sasa tazama upande wa pili. Bakteria *Mycoplasma genitalium* ana jeni 482 tu za protini, na mwaka 2006 watafiti walikadiria kwamba 382 kati yake ni za lazima. Karibu nne kwa kila tano! Kiumbe mwenye jeni chache hana akiba. Watu hao hao wakaendelea hadi kuunda, mwaka 2016, seli yenye jenomu (DNA yake yote) iliyotengenezwa maabara na kupunguzwa hadi jeni 473, iitwayo JCVI-syn3.0. Kinachonifanya niitaje kila nipatapo nafasi ni hiki: kati ya jeni hizo 473 zilizochujwa na kuchujwa tena, 149 hazikujulikana zinafanya kazi gani. Walijua seli inazihitaji. Hawakujua inazihitajia nini.

Usizilinganishe namba hizi kana kwamba zimepimwa kwa rula moja. Hamira ilipimwa kwa kukua kwenye sahani, panya kwa kuwa hai siku ya kuachishwa ziwa.

## Njia za kuzitafuta

Njia ni ngapi?

Zana ni nyingi, mielekeo ni miwili. Wa kwanza ni kuanza na hitilafu na kuifuata hadi kwenye jeni. Hermann Muller alionyesha mwaka 1927 kwamba miale ya X huzalisha mutesheni, yaani mabadiliko ndani ya jeni, kwa nzi wa matunda, na nyingi alizopata zilikuwa za kuua. Sydney Brenner alitumia kemikali kwa mnyoo na kutangaza kazi hiyo mwaka 1974. Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, wakiwa Heidelberg, walikusanya nasaba za nzi ambao viinitete vyao hufa, wakavitazama viinitete vilivyokufa chini ya hadubini, na kutoka kwenye mpangilio wa vijimiba juu ya ngozi yao wakatambua ni jeni ipi inapanga pande za mwili. Kazi hiyo ya mwaka 1980 iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1995 pamoja na Edward Lewis. Wengine wangezitupa maiti hizo.

Mwelekeo wa pili ni kuanza na jeni unayoijua kwa jina, uiharibu, uone kinachotokea. Huu ulinoga baada ya jenomu kusomwa zote: hamira mwaka 1996, mnyoo 1998, nzi 2000.

Kwa hamira, kifo kinaonekanaje?

Hili ni jaribio zuri kuliko yote kulitazama kwa macho, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Chukua hamira yenye seti mbili za kromosomu. Futa nakala moja ya jeni, na mahali pake weka jeni inayostahimili dawa ya G418. Seli inaendelea kuishi kwa nakala iliyobaki. Kisha ipunguzie chakula mpaka itengeneze spora, nne ndani ya mfuko mmoja: mbili zimerithi jeni nzima, mbili zimerithi pengo. Chini ya hadubini, kwa sindano nyembamba ya kioo, unazitenganisha na kuzipanga safu moja kwenye sahani ya agari. Unarudia kwa mifuko kumi au ishirini, safu juu ya safu.

Baada ya siku mbili au tatu unasoma. Kama jeni si ya lazima, kila safu ina makoloni manne. Kama ni ya lazima, kila safu ina mawili na mapengo mawili, na yale mawili yakihamishiwa kwenye sahani ya G418 hayaoti, maana yote yana jeni nzima. Kama waliofutwa wanaishi kwa shida, utaona makoloni mawili manene na mawili kama vichwa vya pini.

Usiishie hapo. Rudisha sahani chini ya hadubini utazame yale mapengo. Mara nyingi utakuta spora ilichipua, ikagawanyika mara moja, mbili, pengine ikafika seli nane au zaidi, ndipo ikasimama. Ilikuwa inaishi kwa protini iliyorithi kutoka kwa seli mama. Idadi ya seli hizo, na umbo zilimosimamia, ni dokezo la kwanza kuhusu kazi ya jeni uliyoifuta.

Na wale wanaofuta jeni zote kwa pamoja wanazifuatiliaje?

Kwa misimbopau. Katika mkusanyiko wa hamira, kila aina iliyofutwa jeni iliwekewa vipande vifupi vya DNA vya herufi 20 ambavyo hakuna mwingine anavyo. Unachanganya maelfu ya aina kwenye chupa moja, unaziacha zikue, halafu unahesabu misimbopau mwanzoni na mwishoni. Msimbopau unaopungua ni wa aina inayoshindwa. Jeni za lazima zenyewe huingizwa humo zikiwa nusu, yaani nakala moja imefutwa na moja ipo, kwa sababu zikifutwa zote hakuna cha kuchanganya.

Kwa nini mnyoo hulishwa bakteria ili kuzima jeni yake?

Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwamba RNA (ndugu ya DNA inayobeba ujumbe wa jeni) ya nyuzi mbili ikiingia kwa mnyoo, huzima jeni yenye mfuatano unaolingana nayo. Nobel yao ilikuja 2006. Baadaye ikaonekana kwamba si lazima uichome kwa sindano. Ukimpa mnyoo bakteria wanaotengeneza RNA hiyo, anakula, nayo inasambaa mwilini hadi kwa watoto wake. Mwaka 2003 ilitangazwa kazi iliyotumia aina 16,757 za bakteria wa namna hiyo, karibu asilimia 86 ya jeni za mnyoo zilizokuwa zikijulikana, na jeni 1,722 zikatoa hitilafu inayoonekana.

Kwenye sahani, kazi yenyewe ni ya macho na subira. Unaweka mnyoo anayekaribia utu uzima, anakula, unamhamishia sahani mpya ya bakteria wale wale, anataga kwa siku moja, unamtoa. Kesho yake unahesabu. Mayai yaliyobaki mayai, wakati wenzake kwenye sahani ya kulinganishia wamekwisha anguliwa, ni kifo cha kiinitete. Hakuna mayai kabisa: mama ni tasa. Minyoo wachanga wameanguliwa lakini siku ya tatu bado ni wadogo vile vile: wamekwama njiani. Wamekua wote, wanatambaa vizuri, lakini tumbo ni jeupe bila safu ya mayai: watoto ni tasa. Hili la mwisho huwaponyoka wengi, kwa sababu wanatupa sahani mapema.

RNA hii huzima jeni kabisa?

Hapana. Huipunguza. Tena seli za neva za mnyoo ni wabishi kuliko tishu nyingine. Kwa hiyo "imeua" ni ushahidi wenye uzito kiasi, ilhali "haikufanya kitu" ni ushahidi mwepesi sana. Unapopata jibu la kwanza, thibitisha kwa mutesheni halisi. Unapopata la pili, usiandike chochote kwanza.

Mbinu ya transposoni inajuaje jeni ya lazima bila kuiua moja moja?

Kwa kusikiliza ukimya. Transposoni ni kipande cha DNA kinachoruka na kujipachika penye jenomu. Unakirusha kwa bakteria wengi mno, kila mmoja apigwe mahali pake, unawaacha wakue, halafu unasoma mfuatano wa DNA yao wote kwa pamoja kuona transposoni zilipo. Jeni zisizo za lazima zitakuwa zimetobolewa kila mahali. Jeni ya lazima itakuwa safi, kwa kuwa waliopigwa hapo hawapo wa kusimulia. Mbinu hii ilishika kasi kuanzia 2009, usomaji wa DNA uliposhuka bei.

Tatizo lake ni bahati. Aina moja maarufu ya transposoni, mariner, hujipachika palipo na herufi TA tu. Tuseme nusu ya TA zote kwenye jenomu zimepigwa. Jeni yenye TA 30 kukosa kupigwa kwa bahati tu ni chini ya mara moja kwa bilioni. Ikikutwa safi, una sababu. Jeni yenye TA 3 itakutwa safi kwa bahati mara moja katika kila nane. Ndiyo maana jeni fupi ndizo zinazoingia na kutoka kwenye orodha za lazima kila utafiti mpya unapotoka. Mwingine mtego: jeni kutobolewa mwishoni kabisa pasipo na kazi, ikaonekana si ya lazima kumbe protini yake ni nzima.

CRISPR imebadilisha nini?

Zana hii ya kukata DNA mahali unapopachagua imeleta uwezo wa kufuta jeni, kama kwa hamira, kwenye viumbe ambavyo havikuwa nao. Mwaka 2015 makundi kadhaa yalipitia karibu jeni zote kwenye seli za binadamu zinazokuzwa maabara, na kukuta takriban 2,000 ambazo seli haziwezi kukua bila hizo, kati ya jeni 20,000 hivi. Ila seli kwenye chupa si mtu. Jeni ya kuunda moyo haitaonekana ya lazima kwa seli isiyo na moyo.

Kuna pia namna ya CRISPR isiyokata DNA bali inayoketi juu ya jeni na kuizuia isisomwe. Kwa bakteria hii ni neema, maana unaweza kuizima jeni ya lazima kwa kiasi na kuona seli inavyolemewa kabla ya kufa. Ile inayokata ina mtego wake: kwenye seli za saratani, sehemu ya kromosomu iliyojirudia mara nyingi ikikatwa mara nyingi, seli hufa kwa majeraha ya DNA hata kama jeni yenyewe haina umuhimu.

Nimepata mutesheni inayoua. Nitaitunzaje ikiwa wenye nayo wanakufa?

Unaitunza ndani ya mbebaji, yaani kiumbe chenye nakala moja nzima na moja mbovu. Shida ni kwamba wabebaji wakizaana, baada ya vizazi vichache nakala nzima zinatawala na mutesheni yako inapotea. Kwa nzi na mnyoo dawa yake ni kromosomu mizani: kromosomu iliyogeuzwa mpangilio ili isibadilishane vipande na mwenzake, na yenye alama inayoonekana. Kwa nzi, mizani ya CyO huwapa mabawa yaliyojikunja. Ukiona mabawa yaliyojikunja, mutesheni yako imo, salama. Kwa minyoo, mizani nyingi zina alama inayong'aa kijani kooni.

Kwa hamira unatunza ile yenye seti mbili. Kwa bakteria, ambaye ana seti moja tu, inabidi mutesheni iwe ya masharti: mzima kwenye joto la chini, mgonjwa kwenye joto la juu. Leland Hartwell alitumia mutesheni za namna hiyo kwa hamira kuzipata jeni zinazoendesha mgawanyiko wa seli, kazi iliyompa Nobel ya mwaka 2001 pamoja na Paul Nurse na Tim Hunt.

## Uzazi

Nitajuaje kama kasoro ni ya mbegu za kiume au ya mayai?

Kwa mnyoo ni rahisi hadi inapendeza. Jike-dume hutengeneza mbegu za kiume kwanza, anazihifadhi, kisha anageukia mayai. Akikutwa tasa, mpandishe na dume mzima. Akipata watoto, mayai yake hayakuwa na kosa. Mbegu zake ndizo mbovu. Asipopata, tafuta kosa kwenye mayai, kwenye mji wa mimba, au kwenye mlango wa kutagia. Wapo wanaokutwa wamejaa watoto walioanguliwa tumboni: hao si tasa, wameshindwa kutaga tu.

Kwa panya unampandisha kila jinsia na mzima wa jinsia nyingine, na unasubiri miezi.

Mutanti wangu (kiumbe mwenye mutesheni) ni mzima kabisa lakini watoto wake wote wanakufa. Kulikoni?

Ni athari ya mama. Yai halianzi maisha mikono mitupu. Mama hulijaza RNA na protini za siku za mwanzo. Mutanti aliyezaliwa na mama mbebaji anaishi kwa urithi huo. Yeye mwenyewe akiwa mama, hana cha kuweka. Mfano unaofundishwa kila mahali ni jeni ya *bicoid* ya nzi: jike asiye nayo ni mzima, lakini viinitete vyake havina kichwa, na hata baba akileta nakala nzima haisaidii kitu.

Wengine wanakawia zaidi: watoto wazima, ila hawana seli za uzazi, kwa hiyo wajukuu hawapatikani. Hitimisho la vitendo ni kwamba usiitoe jeni kwenye orodha mpaka umefuatilia hadi wajukuu.

Jeni inayofanya kazi kwenye korodani tu lazima iwe ya uzazi, sivyo?

Ungedhani hivyo. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba walifuta kwa panya jeni 54 zilizo hai zaidi kwenye korodani na zilizohifadhiwa katika mageuko, na madume wote wakazaa. Kwa upande mwingine ipo *Izumo1*, iliyotambuliwa mwaka 2005 na kupewa jina la hekalu la ndoa la Japani: dume asiye nayo ana mbegu zinazoogelea vizuri, zinafika kwenye yai, na haziungani nalo. Mahali jeni inapofanya kazi ni dokezo. Jibu hutoka kwenye kuifuta.

## Kusoma matokeo

Nihesabu watoto wangapi kabla ya kusema jeni inaua?

Wabebaji wawili wakizaana, robo ya watoto hutarajiwa kuwa na nakala mbili mbovu. Uwezekano wa kutomwona hata mmoja kwa bahati tu ni 0.75 ikizidishwa kwa yenyewe kadiri ya idadi ya watoto. Kwa watoto 5 ni karibu asilimia 24, hujasema kitu. Kwa 11 unashuka chini ya asilimia 5, kwa 16 unafika asilimia 1. Miradi mikubwa ya panya hutaka angalau 28. Kwa mnyoo huna kisingizio: mama mmoja mwenye watoto 300 anapaswa kuacha mayai mafu yapatayo 75.

Robo inayokosekana ndiyo iliyofichua jeni ya kwanza ya kuua kwa panya. Mwaka 1905 Lucien Cuénot aligundua kwamba panya wa manjano wakizaana, hapatikani kamwe wa manjano anayezaa manjano tupu. Mwaka 1910 William Castle na Clarence Little wakaeleza: uwiano ni wawili kwa mmoja badala ya watatu kwa mmoja, kwa sababu wenye nakala mbili za manjano hufia tumboni.

Waliopo lakini pungufu, mathalani chini ya nusu ya matarajio, waandike kando. Wao si wafu wala si wazima, na kuwasukuma upande mmoja ni kuharibu data.

Orodha mbili za kiumbe kimoja hazilingani. Ipi ni sahihi?

Huenda zote. Rudi kwenye swali la kwanza kabisa: kwa nani, katika hali gani? Mwaka 2010 aina mbili za hamira ile ile zilizo karibu sana kinasaba zililinganishwa, na jeni 44 zikawa za lazima kwa moja tu, 13 kwa nyingine tu. Zaidi ya hapo, angalia chakula (jeni za kutengeneza amino asidi huwa za lazima pale tu chakula kinapozikosa), joto, siku ya kusoma, na ukubwa wa koloni unaoitwa "hai".

Nimefuta jeni na hakuna kilichotokea. Haina kazi?

Pengine ina pacha. Jeni mbili zilizotokana na moja ya zamani zinaweza kushikiliana kazi; ukifuta moja, nyingine inabeba. Futa zote mbili ndipo kifo kinaonekana. Kwa hamira karibu jozi zote zinazowezekana zimejaribiwa, na matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha jozi zaidi ya laki tano ambazo kufutwa pamoja kunaumiza kuliko ilivyotarajiwa. Si pacha tu: hata jeni za njia mbili tofauti zinazoelekea lengo moja hufanya hivyo. Wazo hilo ndilo lililo nyuma ya dawa zinazozuia PARP (protini ya kukarabati DNA) kwa saratani zilizopoteza BRCA (jeni za kazi kama hiyo): seli imekwisha poteza njia moja ya kukarabati DNA, dawa inaziba nyingine.

Kuzima jeni kwa muda kunaua, lakini mutanti aliyezaliwa bila jeni hiyo ni mzima. Nimwamini nani?

Kwanza shuku kwamba kizimaji kimegusa jeni nyingine. Jaribu vizimaji viwili au vitatu vinavyolenga sehemu tofauti za jeni hiyo. Na jaribu kumtumia kizimaji mutanti mwenyewe. Kama mutanti asiye na jeni anaumia pia, kizimaji ni mwongo.

Lakini wakati mwingine wote ni wakweli. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwa samaki *Danio rerio* kwamba mutanti wa jeni ya *egfl7* huongeza kazi ya jeni nyingine na hivyo kuziba pengo, jambo lisilotokea jeni inapopunguzwa kwa muda. Baadaye ikaeleweka kwamba kuoza kwa RNA mbovu kwenyewe ndiko kunakoamsha jeni za jamaa. Ukifuta jeni nzima pamoja na kianzishi chake (kipande cha DNA kinachoanzisha usomaji wake), RNA mbovu haipo, na msaada haupatikani.

## Visa vya pembeni

Jeni ya lazima inaweza kuacha kuwa ya lazima?

Ndiyo. Utafiti wa hamira wa mwaka 2015 uliwapa muda wale wachache walionusurika baada ya kufutiwa jeni za lazima, na kwa kama asilimia 9 ya jeni hizo, hamira ilipata njia ya kuishi, mara nyingi kwa kuongeza kromosomu nzima. Ndiyo sababu koloni moja linalojitokeza kwenye lile pengo la sahani halipaswi kuchukuliwa kama uchafu kabla ya kuchunguzwa.

Je, jeni inaweza kuonekana ya lazima ilhali kiumbe hakiihitaji?

Inaweza, na kisa chake ninakipenda kuliko vyote. Bakteria wengi wana jozi ya sumu na kiuasumu. Futa kiuasumu, bakteria anakufa, nawe unaandika "jeni ya lazima". Futa vyote viwili, hakuna neno.

Kwa mnyoo jambo hilo lilijificha miaka mingi. Jeni ya *pha-1* ilijulikana tangu miaka ya 1990 kama jeni ya kuunda koo: ikiharibika, koo halikui, mnyoo mchanga anakufa. Ilikuwa ya lazima kwa kiasi kwamba maabara ziliigeuza zana. Mutanti wake hufa kwenye joto la juu, kwa hiyo ukimpa DNA yako pamoja na nakala nzima ya *pha-1*, anayebaki hai ndiye aliyeipokea. Ilijulikana pia kwamba ukiharibu jeni jirani, *sup-35*, mutanti wa *pha-1* anapona, na hilo lilielezwa kama udhibiti wa maendeleo ya koo.

Mwaka 2017 minyoo wa maabara walipandishwa na minyoo wa porini kutoka Hawaii, na sehemu ya wajukuu wakafa bila sababu iliyojulikana. Ilipofuatiliwa, *sup-35* ikakutwa ni sumu ambayo mama huweka kwenye kila yai, na *pha-1* ni kiuasumu ambacho kiinitete hujitengenezea. Asiyerithi jozi hiyo anauawa na sumu ya mama yake. Minyoo wale wa Hawaii hawana sumu wala kiuasumu, na koo lao hukua kama kawaida.